Risala ya Benchi la Dirishani: Tunaomba Chumba cha Mizizi Kisifungwe

Mgeni Rasmi, Mheshimiwa mwenye dhamana ya hospitali zote za upande wetu huu. Mganga Mkuu na wasaidizi wako. Wauguzi, wahudumu na mafundi. Wagonjwa wenzetu mliokaa na mliokosa pa kukaa:

Sisi ni wagonjwa, na walezi wa wagonjwa, tunaotibiwa mizizi ya meno na uvimbe wa taya katika chumba cha mwisho cha korido ya zamani. Tunakusalimu kwa heshima zote.

KUKUKARIBISHA

Tumefurahi kukuona. Tangu itangazwe kwamba unakuja, hospitali imefagiliwa mpaka mahali ambapo ufagio ulikuwa haujawahi kufika. Maua yamepandwa kwenye makopo. Mlinzi wa getini, ambaye siku zote hutuambia "sogeeni huko", wiki hii ametuita wageni wake na kutuuliza habari za nyumbani. Kwa hilo peke yake tunakushukuru, na tungependa uwe unapita mara kwa mara.

Wenzangu wamenichagua mimi nisome kwa sababu miwani ninayo na mdomo wangu umeshapona. Wengine wana nyuzi kwenye fizi, na wakisoma kwa sauti zitafumuka. Katibu wa sherehe amenisihi, "Bibi, soma yaliyoandikwa tu, usichomeke ya kwako." Nimemwahidi. Ila aliyeandika ni mimi, kwa hiyo ya kwangu yameshaingia.

TULIPOTOKA

Mgeni Rasmi, sisi ni watu tuliogongwa. Yupo aliyepigwa na mpira, yupo aliyeanguka na baiskeli, yupo aliyekuwa anafungua mlango huku mwenzake anausukuma. Siku ya kugongwa kila mtu hulia, damu hutoka, jino hucheza. Baada ya muda jino hukaza, maumivu huisha, na nyumba nzima hushukuru. Hapo ndipo tulipopotea wote, maana jino lisilouma tulilihesabu kuwa ni jino zima.

Daktari wetu ametueleza, tena kwa subira, kwamba ndani ya jino mna nyama laini yenye mishipa ya damu, na kwamba kipigo kinaweza kuikata pale kwenye ncha ya mzizi. Nyama ile ikifa, jino linanyamaza. Linageuka rangi, linakuwa kama maji ya majivu, na mwenye nalo anajizoeza kucheka huku amefunika mdomo kwa mkono. Kumbe kule juu ya mzizi, ndani ya mfupa wa taya, au chini yake kwa meno ya chini, uchafu wa ile nyama iliyokufa unauchokoza mfupa. Taratibu kinajengeka kifuko chenye maji. Kifuko kinakua na mfupa unakipisha. Kinaweza kukua miaka mingi mwenyewe akiendelea na shughuli zake.

Mimi ninayesoma nilikuwa bi arusi mpya nilipoinama kumfungua kamba mbuzi wa mama mkwe, naye mbuzi akainua kichwa kabla yangu. Meno mawili ya chini yakacheza, yakakaza, yakasahauliwa. Nikazaa, nikalea, na kidevu changu kikaanza kunenepa. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa akiniita mbele ya wageni: "Mtazameni mkwe wangu alivyonawiri! Hapa hakunyimwa kitu." Mume wangu naye akawa anatembea kifua mbele. Kumbe familia nzima ilikuwa inasifu uvimbe.

Nilipofikishwa chumba kile nilikuwa tayari nina wajukuu. Daktari alikibonyeza kidevu kwa kidole gumba, na mfupa ukabonyea kama kopo la bati jembamba. Akaniambia, "Bibi, mfupa umebaki ganda. Sikutishi, lakini tusichelewe."

Hatukuchelewa, na ndiyo maana leo nina kidevu cha kusomea risala.

TUNAYOYASHUKURU

Tunaomba uelewe kazi inayofanyika mle ndani, Mheshimiwa, kwa sababu ukiwa nje utasikia mlio wa mashine tu na utafikiri watu wanateswa.

Daktari huanza na mzizi. Hutoboa jino kwa nyuma, akaingiza visindano vyembamba vyenye meno kama ya tupa, akasugua na kusafisha mpaka kile kilichooza kitoke. Huweka dawa, akaziba kwa muda, akakwambia urudi. Unarudi. Mzizi ukishakuwa safi huzibwa kabisa. Ndipo inapokuja siku ya kupasua: ganzi, fizi inafunuliwa, kifuko kinatolewa chote na ngozi yake, ncha ya mzizi inakatwa, fizi inashonwa. Kilichotolewa kinapelekwa maabara, kwa kuwa si kila uvimbe ni wa kuamini kwa macho. Jino linabaki mahali pake. Meno yangu mawili yale yapo, na leo asubuhi nimeyatumia.

Jambo jingine dogo ambalo huenda hukuliona kwenye taarifa ya Mganga Mkuu: kabla ya kuchoma, Daktari hukishika kichupa cha ganzi kiganjani kwanza kipate joto, ili dawa isiingie baridi. Hatujui kama hilo linafundishwa chuoni. Sisi tunalihesabu.

Tunaye mwenzetu kwenye benchi tunayemwita Mwashi kwa kazi yake. Alipigwa na ubao wa jukwaa akiwa anajenga ghorofa. Miaka ikapita, shavu likavimba, akaenda mahali ambapo hawana picha za eksirei wala muda, wakamng'oa jino. Walimpongeza, naye akapongezeka. Lakini kifuko kilibaki ndani, na kikaendelea kuumega mfupa mahali ambapo hapakuwa tena na jino la kulaumiwa. Alipokuja kwetu shavu lilikuwa limevimba kuliko mwanzo. Siku ya kwanza kukaa kwenye benchi nilimuuliza, "Na wewe mwanangu, wapi panakuuma?"

"Hapaniumi popote, mama," akajibu. "Wamebomoa nyumba, wameacha shimo la choo."

Tulicheka mpaka muuguzi akatutolea macho. Lakini baadaye kila mmoja wetu aliyafikiria maneno yale, na ndiyo sababu nimeyaleta hapa. Kung'oa jino kuna siku yake, hatukatai. Ila kwa sisi tuliogongwa, kung'oa peke yake mara nyingine ni kumwondoa mwenye nyumba na kuuacha uharibifu.

Sasa niseme habari za mjukuu wangu. Katibu ananitazama, lakini hili ndilo lililonileta.

Mjukuu wangu ni binti wa shule ya msingi. Nyumbani tunamwita Redio, kwa kuwa hajawahi kuzimika tangu azaliwe. Alipokuwa mdogo mpini wa pampu ya maji ulimponyoka mwenzake, ukarudi juu, ukampiga jino la mbele. Mambo yakawa kama nilivyoyaeleza: damu, kilio, jino kukaza, shukrani. Mwaka huu nilimwona akinywa chai kwa upande mmoja wa mdomo. Nikamwambia acheke. Akakataa. Redio kukataa kufungua mdomo! Nikamshika taya kama anavyoshikwa mbuzi mnadani, nikaona jino la kijivu, na juu yake fizi imetuna. Upande mmoja wa pua ulikuwa umeanza kunyanyuka. Kwa kuwa mimi mwenyewe nilishapita njia hiyo, sikusubiri mtu wa kumsifia kwamba amenawiri.

Kifuko chake kilikuwa kikubwa. Daktari alisema kukitoa kwa mara moja kungeweza kuondoka na uhai wa meno ya jirani, na kwamba kimeshagusa mfupa wa sakafu ya pua. Kwa hiyo alichagua njia ya polepole. Alifungua kitundu kwenye fizi, akakata kipande cha ngozi ya kifuko kwenda maabara, na majibu yakarudi mazuri: ni kifuko tu, si ule ugonjwa tunaouogopa kuutaja. Kisha akashona pale kimrija chembamba, ili maji yawe yanatoka, kifuko kisinyae, na mfupa upate nafasi ya kurudi. Mzizi wa jino umesafishwa na kuwekewa dawa. Kuzibwa kabisa bado. Kupasuliwa bado.

Kazi yangu mimi ni kukisafisha kimrija asubuhi na jioni, kwa bomba la sindano lisilo na sindano na maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Mama yake, binti yangu, yuko kazini kiwandani kabla jua halijatoka, kwa hiyo hili ni langu na mjukuu wangu. Tunakaa mlangoni penye mwanga, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye kiti.

"Bibi, unanimwagilia kama bustani."

"Fungua mdomo. Hii ndiyo nafasi pekee niliyopewa na daktari ya kukunyamazisha."

"Nikipona nitaongea yote niliyoyaweka akiba."

"Nitahama."

Ndivyo tunavyoishi, Mgeni Rasmi, na tunaendelea vizuri.

YANAYOTUSUMBUA

Leo umekuja kutufungulia jengo jipya la meno. Tumeruhusiwa kulichungulia. Ni zuri kweli. Lina marumaru, lina viti vinavyopanda na kushuka bila kukanyagwa, na bomba ukilifungua maji yanatoka. Tunashukuru, wala hatusemi kwa ulimi tu.

Lakini tumeambiwa pia kwamba jengo lile ni la kung'oa. Chumba chetu cha korido ya zamani kuanzia wiki ijayo kitakuwa stoo ya vitanda vibovu, na Daktari wetu atapangiwa kung'oa pamoja na wengine, kwa sababu wanaong'olewa ni wengi na foleni yao ni ndefu. Ni kweli foleni yao ni ndefu. Sisi wa mizizi tukijipanga wote tunajaza benchi moja. Anayehesabu vichwa ataona hatufiki mahali pa kufanyiwa mpango, na hatumlaumu. Ila mmoja wetu hutibiwa kwa kurudi na kurudi, na kila anaporudi huonekana ni yule yule, kumbe taya yake si ile ile.

Anayehitaji mzizi, tumeambiwa, ataelekezwa hospitali kubwa ya mbali. Wapo kati yetu watakaoweza kwenda mara moja. Kwenda na kurudi mpaka mfupa ujae, hilo hakuna aliyeinua mkono nilipouliza.

Na sasa niseme la dirisha, ingawa tulibishana kama nilitaje au nisilitaje.

Kile kisanduku cha taa cha kusomea picha za eksirei kiliharibika zamani. Daktari akazoea kusomea dirishani. Chumba kina dirisha moja kubwa linalotazama barabara, na benchi letu liko chini yake upande wa nje, ndiyo maana tukajiita hivyo. Daktari huibandika picha kwenye kioo, jua linaingia kwa nyuma, na kila kitu kinaonekana: mfupa mweupe, kifuko cheusi cha mviringo, mzizi umening'inia katikati yake. Sisi tukiwa nje tunaziona kwa upande wa pili. Tumejifunza kusoma mataya ya wenzetu kama watu wengine wanavyosoma magazeti ya jirani. "Shimo la Mwashi limejaa mfupa!" "La yule mama mgeni bado." Hakuna siri kwenye benchi lile, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Siku ya usafi wa kukungoja alikuja fundi rangi na ndoo. Akaanza na ukuta, akafika kwenye dirisha, akaendelea. Mwashi akamuuliza, "Fundi, na vioo?"

"Nimeambiwa kila kinachoonekana kutoka barabarani kiwe cheupe. Mgeni anapita."

"Basi nipake na mimi, naonekana kutoka barabarani."

"Sogea, mzee, utachafuka."

Fundi hana kosa. Alipaka kwa uangalifu, na dirisha lilipendeza. Kesho yake Redio akawa na miadi, tukaletewa picha yake mpya. Daktari aliichukua, na kwa mazoea akainua mkono mpaka kwenye kioo. Akasimama hivyo hivyo, mkono juu. Hakugomba. Alisema "Aa", basi. Kisha akatoka na glavu zake mkononi, akapita katikati yetu mpaka uwanjani, akaiinua picha juani. Benchi zima likaamka, na nyuzi zetu na pamba zetu mdomoni, tukamzunguka tukiangalia juu kama watu wanaotafuta ndege iliyopita.

Redio akauliza, "Dokta, shimo langu linapungua?"

"Linapungua. Angalia huku pembeni. Huu weupe haukuwepo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tusiache."

Daktari hakusema zaidi ya hapo, wala hakutuomba tuandike neno lolote. Tunasisitiza hilo, Mheshimiwa, asije akaulizwa. Sisi wenyewe tunajua "tusiache" maana yake nini. Kimrija kikiachwa bila wa kukifuatilia, kitaziba au kitatoka, tundu litafunga, na kifuko kitajaa upya. Mjukuu wangu akipelekwa kwenye jengo jipya kama utaratibu unavyosema, wataona jino lililokufa na mengine mawili ya jirani yaliyosukumwa na kifuko, na watayatoa yote matatu ya mbele, kwa nia njema kabisa. Na kifuko je? Mwashi yupo hapa, muulizeni.

MAOMBI YETU

Tulipokaa kupanga maombi kila mtu alikuwa na lake. Mwingine alitaka feni. Tumeyapunguza.

Kwanza tunaomba chumba cha mizizi kisifungwe. Kama lazima korido ya zamani iwe stoo, basi kiti kimoja kati ya vile vipya kitengwe kwa ajili ya mizizi na uvimbe wa taya, na kisiguswe kwa kazi nyingine hata foleni ikiwa ndefu.

Tunaomba Daktari wetu aachwe kwenye kazi hiyo, angalau mpaka hawa walioko katikati ya matibabu wamalizwe. Ukimtoa sasa utakuwa umemtoa fundi paa likiwa nusu. Hayo ni maneno ya Mwashi, tumeyaacha kama alivyoyasema.

Tunaomba watoto wa shule watazamwe meno baada ya kugongwa, hata kama hawalii. Mwalimu akiona jino la kijivu, asingoje livimbe.

Na kama haya yote ni mazito kuamuliwa leo, tunaomba dogo ambalo unaweza kulitamka ukiwa umesimama hapo hapo: ruhusa ya kukwangua rangi kwenye kioo kimoja tu cha dirisha. Wembe tunao. Tulichelea kukwangua kabla hujafika, tusionekane tumeharibu mapokezi yako.

KUHITIMISHA

Mgeni Rasmi, pamoja na karatasi hii tunakukabidhi picha ya taya. Anayekuletea ni mwenyewe, yule pale mwenye sare ya shule. Ana kimrija fizini na amekubali kunyamaza kwa heshima yako, jambo ambalo nyumbani halijawahi kutokea. Ipokee kwa kingo, usiweke kidole katikati. Toka kidogo hapo chini ya turubai, uiinue juani kama tunavyofanya sisi. Utaona doa jeusi, na pembezoni mwake weupe mwembamba unaoingia ndani. Weupe ule ni mfupa wa mtoto, unarudi.

Ukishauona, tafadhali mrudishie picha yake. Daktari ataihitaji kuilinganisha na ya miadi ijayo, na sisi tumekuja hapa tukiamini kwamba miadi ijayo ipo.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani na nyumbani, awape nguvu wanaotutibu, na akutunzie meno yako yote mpaka uchekeshwe na wajukuu kama mimi.

Ni sisi, wagonjwa na walezi wa Benchi la Dirishani, Korido ya Zamani.
Imesomwa na Bibi yake Redio.